Singeli, Mashine na Haki ya Mtungaji wa Maneno

Wako wapenzi wa taarab na wa dansi ambao, wasikiapo singeli ikilia kibandani au ndani ya daladala, hutoa hukumu moja tu: huu ni wizi. Wasema kwamba kijana asiyejua kushika udi wala gambusi amekata kwa kompyuta kipande cha muziki wa wengine, amekiharakisha mpaka kikawa kama mlio wa ndege, amekirudiarudia, kisha amejiita mwanamuziki. Hukumu hiyo si ya kupuuzwa, maana waitoao wana masikio mazuri, na kipande wanachokitambua aghalabu ndicho hicho hicho kilichokatwa. Walakini yafaa kuuliza kama kosa wanaloliona ndilo kosa lililopo, ama kama lipo jingine kubwa zaidi, ambalo laponyoka kwa sababu macho ya watu yote yameelekea kwenye kipande kile.

Singeli ilizaliwa katika mitaa yenye msongamano ya Dar es Salaam, kama vile Tandale, Manzese na Mburahati, katika miaka ya 2000. Mama yake ni mchiriku, muziki wa ngoma na vinanda vidogo vya Casio uliovuma mjini humo katika miaka ya 1990. Na mlezi wake ni kigodoro, yaani sherehe ya mtaani ambayo watu hukesha wakicheza. Katika sherehe hizo madijei walichukua sehemu za ala tupu kutoka nyimbo za taarab ya kisasa, wakazizungusha bila kikomo na kuzizidisha mwendo, na mwimbaji, ambaye huitwa emsii, akashika kipaza sauti na kughani juu yake. Vyombo vya kazi ni kompyuta ya kawaida na programu kama Virtual DJ na FL Studio, ambayo kabla ya mwaka 2003 iliitwa FruityLoops. Mapigo huzidi 200 kwa dakika, na pengine hukaribia 300. Baadaye watayarishaji, ambao vijana huwaita maprodyuza, waliacha kutegemea vipande vya watu na wakaanza kutunga biti zao wenyewe. Msaga Sumu na Man Fongo wakajulikana nchi nzima. Na mwaka 2017 kampuni ya Nyege Nyege Tapes ya Kampala ilitoa mkusanyo wa kazi za studio ya Sisso ya Mburahati, ukafika Ulaya kabla singeli haijapata heshima nyumbani kwake.

Basi, je, kuchukua muziki wa mtu na kuutilia maneno mapya ni wizi? Kwa desturi ya sanaa ya Waswahili jibu si jepesi kama wazee wanavyodhani. Tenzi zilighaniwa kwa mahadhi yaliyojulikana na watu wote, wala hapana aliyemwuliza mghani ameyapata wapi. Siti binti Saad alivuka bahari mwaka 1928 kwenda Bombay kurekodi sahani za santuri, zilizo miongoni mwa sahani za mwanzo kabisa za Kiswahili. Na Bi Kidude, aliyefariki mwaka 2013, aliziimba nyimbo za Siti kwa kuongeza na kupunguza beti apendavyo. Hakuitwa mwizi, kwa kuwa kila msikilizaji wa Unguja alijua ni nyimbo za nani. Mombasa kuna mfano ulio wazi zaidi. Juma Bhalo alijipatia sifa kubwa kwa kuimba mashairi ya Kiswahili katika mahadhi yaliyotoka katika filamu za Bara Hindi, na mengi katika mashairi hayo yalikuwa ya ndugu yake Ahmad Nassir, mwenye diwani ya *Malenga wa Mvita* ya mwaka 1971. Mahadhi yalikuwa ya Bombay, sauti ya Juma Bhalo, maneno ya Ahmad Nassir. Na wapenzi wa taarab waliyajua yote matatu bila ya kuyachanganya.

Kilichokuwa haramu katika desturi hiyo ni kujipachika ubeti wa mwenzio. Muyaka bin Haji alifariki karibu na mwaka 1840, na tungo zake zilikaa vifuani mwa watu wa Mombasa kwa miongo mingi, mpaka Mwalimu Sikujua na W. E. Taylor walipozikusanya. Muda wote huo zilikuwa tungo za Muyaka. Gazeti la *Mambo Leo*, lililoanza mwaka 1923, lilipochapa mashairi ya wasomaji lilichapa na majina yao, na mabishano ya washairi yalikwenda na kurudi kwa majina hayo. Hawakulipwa kitu, lakini ubeti ulisafiri ukiwa na mwenyewe. Kwa ufupi, jadi ilikuwa na sheria isiyoandikwa: mahadhi huazimwa, maneno hayaazimwi pasipo kutajwa mwenyewe.

Sasa itazamwe mashine inayolinda haki katika YouTube, iitwayo Content ID, iliyoanzishwa mwaka 2007. Mwenye haki huipatia nakala ya wimbo wake. Mashine huichambua na kuiwekea alama, mfano wa alama za vidole. Kisha kila kitu kipakiwacho hulinganishwa na alama hizo. Ikionekana sauti imefanana, mwenye haki huweza kuizuia kazi ya pili au kuchukua fedha za matangazo yake. Mashine hii hutambua sauti iliyorekodiwa, na kwa kiasi fulani hutambua hata mahadhi. Maneno haiyatambui. Emsii akiuchukua ubeti wa emsii mwenzake neno kwa neno, akauweka juu ya biti nyingine na kuughani kwa sauti yake, mashine haitastuka. Lakini akiughani ubeti wake mwenyewe, alioutunga kwa jasho lake, juu ya kipande cha kinanda cha mtu mwingine, atakamatwa mara moja. Tazama jinsi sheria ya jadi ilivyopinduliwa: kuazima mahadhi kumekuwa kosa, na kunyang'anya maneno kumekuwa jambo lisiloonekana.

Haisemwi hapa kwamba mpiga kinanda wa taarab hana haki. Anayo, na ni aibu kwamba katika nyimbo nyingi za mwanzo za singeli jina lake halitajwi popote. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya Tanzania ya mwaka 1999 inamlinda yeye na inamlinda mtungaji wa maneno vilevile. Tofauti ni kwamba wa kwanza ana mashine inayomlinda usiku na mchana, na wa pili sharti aende kwa mwanasheria. Kijana wa Mburahati hana mwanasheria. Na hata mashine yenyewe haiko wazi kwa kila mtu: YouTube hutaka mwenye kuitumia awe na haki ya pekee juu ya kazi yake, hivyo wimbo uliojengwa juu ya biti iliyouzwa kwa watu wengi, kama zinavyouzwa biti nyingi siku hizi, haukubaliwi. Msanii wa kujitegemea anunuaye biti ya bei nafuu hujikuta nje ya ulinzi kwa sababu ya unafuu ule ule uliomwezesha kuanza kazi.

Wanaoitetea dijiti hujibu kwamba hasara hiyo hufidiwa na uhuru wa kusambaza. Kwa upande mmoja wasema kweli. Zamani za kanda, usambazaji wa muziki nchini Tanzania ulikuwa mikononi mwa wafanyabiashara wachache wa Kariakoo, na mwanamuziki aliyewapelekea kazi yake mara nyingi aliiuza kwa mkupuo mmoja asijue tena nakala ngapi zimetoka. Singeli haikungoja mlango huo ufunguliwe. Ilienea kwa sidii za kuchoma, kwa memori kadi za simu, kwa vibanda vinavyoingiza nyimbo kwa malipo madogo, na baadaye kwa WhatsApp na YouTube. Bila vyombo hivi pengine ingebaki muziki wa kata mbili tatu tu.

Lakini kusema kwamba mtu wa kati ametoweka ni kujidanganya. Amebadili sura. Msanii wa kujitegemea hawezi kupeleka wimbo Spotify kwa mkono wake. Ilifanyiwa majaribio mwaka 2018, ikaachwa mwaka 2019. Sharti apitie kwa wakala, na baadhi ya mawakala hutoza ada ya kila mwaka, ambayo isipolipwa wimbo huweza kuondolewa. Sahani ya santuri ya mwaka 1928 haikuhitaji kulipiwa ada ili iendelee kuwapo. Fedha za wasikilizaji hutiwa katika chungu kimoja na kugawanywa kwa kadiri ya hesabu za kusikilizwa, na kwa kuwa msikilizaji wa Dar es Salaam hulipa kidogo kuliko wa Stockholm, sikio la nyumbani lina thamani ndogo kuliko la ugenini. Tangu mwaka 2024 wimbo usiosikilizwa Spotify angalau mara 1,000 katika miezi 12 haumpatii mwenye rekodi chochote. YouTube nayo, tangu mwaka 2018, hutaka wafuasi 1,000 na saa 4,000 za kutazamwa katika mwaka kabla ya kugawa fedha za matangazo ya video za kawaida. Sharti hizi hazikuwekwa kwa nia ya kumdhulumu mtu wa Mburahati. Waliozitunga hawakuwa wakimfikiri hata kidogo.

Hapa yafaa kukumbuka namna nyingine ya malipo, ambayo wachumi wa muziki hawaitaji: kutunza. Katika taarab msikilizaji huinuka kitini, hucheza polepole mpaka jukwaani, na humpa mwimbaji fedha mkononi au humbandika usoni. Hafanyi hivyo wakati wowote. Huinuka pale ubeti unaposema jambo lake: unapomfariji, au unapompiga kijembe mtu aliyeketi meza ya pili. Ukumbi mzima huona ni neno lipi lililolipiwa, na mara nyingine hujua lilimlenga nani. Utaratibu huu una ila zake, kwani huleta ugomvi na humtia mwimbaji tamaa ya kurefusha wimbo mpaka mfuko wa mwisho uishe. Lakini ni malipo ya neno. Mtungaji hupata kujua usiku huo huo ubeti upi una nguvu. Kigodoro kilirithi desturi hii kwa namna yake, maana mwenye shughuli akitajwa jina na kusifiwa, hutoa.

Spotify hulipa kwa muda. Wimbo huhesabiwa kuwa umesikilizwa ukifikisha sekunde 30. Kabla ya hapo ni bure, na baada ya hapo haijalishi msikilizaji amefika mwisho au la. Mtungaji mwenye akili hawezi kutoliona jambo hilo. Taarab ya zamani humwandaa msikilizaji kwa utangulizi mrefu wa ala, na mara nyingi dakika nzima hupita kabla mwimbaji hajafungua kinywa. Kwa hesabu ya sekunde 30, mwimbaji wa namna hiyo angekuwa bado kukohoa msikilizaji asiye na subira anapohamia kwingine. Ndiyo maana siku hizi nyimbo nyingi huanza na kibwagizo, na ubeti hufuata nyuma kama mtumishi. Kibwagizo kilikuwa mahali pa kupumzika baada ya hoja. Kikitangulia, hoja haina tena haja ya kujengwa. Hili ni badiliko la umbo la ushairi, nalo limeletwa na mhasibu.

Singeli yenyewe ina tabu nyingine, nayo ni mwendo. Ichukuliwe biti ya mapigo 240 kwa dakika, yaani mapigo manne kwa sekunde. Emsii akiweka silabi mbili katika kila pigo, atatoa mizani nane kwa sekunde moja, ambayo ni sawa na kipande kizima cha shairi. Ubeti wa mistari minne yenye mizani 16 kila mmoja, jumla mizani 64, humalizika kwa sekunde nane. Kwa mwendo huo Kiswahili hupoteza kitu. Mkazo wa Kiswahili hukaa katika silabi ya pili kutoka mwisho, na mkazo huo, ambao kwa kawaida huirefusha silabi kidogo, ndio umwonyeshao msikilizaji mahali neno linapokoma. Silabi zote zikipewa urefu mmoja na pigo la mashine, mipaka ya maneno hufifia, na usemi huwa mnyororo usio na pingili. Emsii dhaifu hushindwa hapo. Huishia kupiga kelele za kuwaamsha wachezaji, na walaumuji wa singeli humchukua huyo kuwa mfano wa wote.

Emsii hodari hufanya lingine. Hughani kwa nusu ya mwendo wa biti, hukata usemi wake katika vifungu vifupi ambavyo sikio limeshavizoea, huviacha viitikiwe na watu, na hutia neno geni pale tu pigo linapompa nafasi. Tena huchagua maumbo ya maneno kwa werevu ambao wanasarufi wangepaswa kuuchunguza. Jina la wimbo wa Man Fongo uliovuma sana, "Hainaga Ushemeji", latosha kuwa mfano. Mwalimu wa shule atalipiga mstari mwekundu neno "hainaga", kwa kuwa kiambishi -ga si cha Kiswahili sanifu, bali kimetoka katika lugha za bara na kuenea katika usemi wa mitaani. Lakini mwalimu huyo na aulizwe: hali ya mazoea, ambayo sanifu huionyesha kwa hu-, hukanushwaje? Kiambishi hu- hakina kikanushi chake. Sanifu hulazimika kuzunguka na kusema "huwa haina", mizani tano kwa maneno mawili. "Hainaga" husema jambo lile lile kwa neno moja la mizani nne, lenye mkazo mahali pake. Pengo la sarufi limezibwa na watu wa mitaani, na mwimbaji akaliweka mbele kabisa ya wimbo wake, mahali pasipoweza kukosa kusikika. Huu ndio uasilia wa singeli, na hauhusiani hata kidogo na swali la nani alikipiga kinanda kwanza.

Kuna mashine nyingine inayogusa uasilia kwa upande wa sauti, nayo ni Auto-Tune, iliyotolewa mwaka 1997. Kazi yake ni kuivuta sauti iliyokosea mpaka kwenye noti iliyo karibu, na kwa kawaida noti hizo ni zile 12 za piano. Waimbaji wa taarab waliolelewa na maqamu za Kiarabu hupita kwa makusudi katikati ya noti za piano, na mashine huliona pito hilo kuwa kosa. Mtu ajuaye aweza kuipangia ngazi nyingine. Wengi huiacha ilivyotoka dukani.

Singeli ilipokwenda ng'ambo, upofu wa mashine juu ya maneno ulikutana na uziwi wa wasikilizaji. Wahakiki wa Ulaya waliisifu kwa haki: waliona ujasiri wa biti, ukali wa sauti, na mwendo usiofanana na muziki wowote waliouzoea. Katika sifa hizo mwendo ulitajwa mara nyingi mno, na beti mara chache. Prodyuza akawa ndiye msanii, na emsii akahesabiwa kama ala mojawapo. Hapana wa kulaumiwa kwa kutojua Kiswahili. Lakini soko lenye fedha huvuta kazi kuelekea kwake, na tayari zipo kazi nzuri za singeli zisizo na neno hata moja, zilizotengenezwa kwa kumbi ambazo hakuna angelifahamu neno hilo. Kama muziki, baadhi yake ni hodari kweli. Ila mtu wa Manzese akizisikia atauliza, emsii yuko wapi?

Tangu mwaka 2024 makampuni makubwa ya Marekani yamekuwa mahakamani na katika mapatano na Suno na Udio, kampuni za mashine zitungazo nyimbo zenyewe, kwa madai kwamba zilifundishwa kwa rekodi zao. Msanii wa kujitegemea hana kiti katika mabaraza hayo, hata kama rekodi yake ilitumika.

Palipo na nafasi ya kutenda sasa ni padogo, na hapana utukufu. Fomu anayojaza msanii anapopeleka wimbo kwa wakala huwa na mahali pa jina la mtungaji. Bandcamp, ambayo hukata asilimia 15 tu ya mauzo ya dijiti, ina mahali pa maneno ya kila wimbo. Na tangu mwaka 2021 Spotify huonyesha maneno yanayoletwa na Musixmatch. Kuyajaza maneno ya singeli mahali hapo si kazi ya dakika tano. Sharti apatikane mtu wa kuisikiliza rekodi mara nyingi, akiwa na emsii mwenyewe ubavuni, na kuamua mambo ambayo kamusi haijayaamua: kama neno fulani la Tandale liandikwe kwa *dh* au kwa *z*, kama viambishi vilivyomezwa na mwendo virudishwe au viachwe kama vilivyotamkwa, kama ukelele uliopo kati ya mistari miwili ni neno ama ni pumzi. Mwalimu Sikujua aliyakuta mambo ya namna hiyo katika tungo za Muyaka, naye aliyezitunga alikuwa ameshazikwa zamani. Emsii wa Mburahati yu hai, naye ana simu.